Mgahawa mdogo wa Kijapani usiupime kwa samaki, anza na wali na supu (uzi mrefu kidogo)

#1 Mleta mada

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu na leo nimeamua kulifungulia uzi. Kila nikikuta watu wanaulizana kuhusu hii migahawa midogo ya mtaani inayopika kwa mtindo wa Kijapani, ile yenye viti vichache na mpishi unamuona kabisa, ushauri unaotolewa ni uleule, agiza ile roli kubwa ya sushi, wali na samaki vilivyozungushiwa mwani, iliyopambwa juu mpaka haiingii mdomoni, piga picha, basi. Watu wanakula, wanalipa, wanatoka wakisema mbona kawaida tu, na hawarudi. Inaniuma kwa kweli, maana mgahawa wa namna hii ukiupata mzuri ni wa kuushikilia, na wengi wanaupita hivihivi.

Msimamo wangu ndo huu: usiupime kwa samaki, upime kwa wali na supu. Samaki mzuri mwenye hela yeyote ananunua. Wali haununuliki, wali unapikwa leo na huyo aliyesimama hapo mbele yako, akizembea leo utaujua leo.

Nilivyolijua hili ni kwa bahati tu. Tulifika mapema sana, meza zote zimeshawekewa oda, tukaambiwa imebaki kaunta, viti vinane tu vya mbao. Mimi nilinuna kidogo maana nilitaka dirishani. Sasa nimekaa pale naona mpishi anatoa sufuria ya wali wa moto anaumimina kwenye chano kikubwa cha mbao kilicholowekwa maji, mvuke ukapanda mpaka tukashindwa kumuona uso, afu akachukua siki iliyochanganywa na sukari na chumvi akawa anaimwaga taratibu juu ya mwiko ili isambae, siyo kuimwaga sehemu moja. Halafu hakukoroga. Alikuwa anaukata ule wali kwa ukingo wa mwiko, anakata anageuza, anakata anageuza, na mkono wa pili anapepea kwa kipepeo. Nikamuuliza kwanini usikoroge tu, akasema ukikoroga punje zinavunjika zinatoa uji, unapata bonge siyo wali, na kupepea kunakausha maji ya juu ndo maana unaona unang'aa. Kweli ulikuwa unang'aa, punje moja moja, lakini zimeshikana.

Kipande cha kwanza alichotupa, wali wake ulikuwa wa vuguvugu, joto la mwili wa mtu, siyo baridi. Nilipokiweka mdomoni ule wali ukaachana wenyewe, haukubaki bonge la kutafuna. Hapo ndo nikaelewa kwanini miaka yote nilikuwa naona sushi ni chakula cha kawaida, nilikuwa nakula wali uliotoka kwenye friji.

Na hata jina lenyewe linasema. Neno sushi linatokana na uchachu, linahusu wali wenye siki, samaki ni mgeni tu. Hapo zamani sana samaki alikuwa anatiwa chumvi anafukiwa kwenye wali miezi mpaka wali unachachuka unamhifadhi, afu wali unatupwa analiwa samaki. Kandokando ya Ziwa Biwa kule Japani mpaka leo wanatengeneza hiyo, inaitwa funazushi, harufu yake ni nzito. Baadae ndo watu wakaacha kusubiri, wakatia siki moja kwa moja. Hii ya kubinywa kwa mkono tunayoijua ilishamiri Edo, ndo Tokyo ya sasa, miaka ya 1820, na mtu anayetajwa sana ni Hanaya Yohei. Ilikuwa inauzwa kwenye vibanda, mtu anasimama anakula vipande vyake anaondoka, na kipande kimoja kilikuwa kikubwa kuliko cha siku hizi. Kwa hiyo kile kimgahawa kidogo unachokidharau hapo mtaani ndo kiko karibu na asili yake kuliko ile mikubwa ya taa za rangi.

Nakaribisha wenye uzoefu, wenye maswali pia, tuelimishane.

#2 Mdau

Mkuu umenifungua macho. Nilikuwa najiuliza kwanini sushi ya kwenye boksi la supamaketi inakuwa kama udongo. Kumbe ni friji.

#3 Mdau

Mleta mada nakuheshimu ila kuna kitu unakipita. Hii migahawa siyo ya Kijapani, ni ya "mtindo wa". Mpishi hajawahi kufika Japani, anaweka parachichi, mayonezi yenye pilipili, jibini laini, kamba wa kukaanga, kila kitu ndani ya roli moja afu anapachika jina la Kijapani ukutani. Sasa tupime wali gani hapo wakati kitu chenyewe siyo cha kwao? Mimi nataka kitu halisi au niache. Nimekaa na Wajapani kazini miaka kadhaa, chakula chao wanachokula wenyewe hakifanani na hizo roli, kwa hiyo siongei kwa kusikia.

#4 Mleta mada

Mkuu #3 hoja yako nimeielewa na hata mimi niliwahi kuwa upande huo, ila tukienda na hiyo mizani ya uhalisi Japani yenyewe haitabaki na kitu. Tempura ilikuja na Wareno, walifika Japani 1543 na mtindo wao wa kukaanga vitu kwenye unga. Rameni asili yake ni tambi za Wachina. Mchuzi wa kari ambao Mjapani anakula na wali tangu utotoni ulipitia kwa Waingereza enzi za Meiji (1868 hadi 1912). Hata samoni mbichi, ambayo watu wanaona ndo sushi yenyewe, Wajapani walikuwa hawaili mbichi kwa sababu samoni wao wa porini ana minyoo, ni Wanorwei ndo walifanya kampeni miaka ya 1980 kuwauzia samoni wao wa kufugwa mpaka wakaikubali.

Na kuna hii inayonigusa zaidi. Ule mwani mweusi wa kuzungushia, nori, Wajapani walikuwa wanaulima kwa kubahatisha, mwaka huu unaota mwaka kesho hauoti, hakuna anayejua mbegu zake zinakaa wapi. Mwaka 1949 mwanasayansi mmoja Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, akachapisha utafiti kuonyesha kwamba ule mwani una hatua moja ya maisha inayojificha ndani ya magamba ya kome na chaza. Wajapani wakaichukua hiyo wakaanza kuupandikiza kwenye magamba, kilimo kikatulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Japani. Huko Uto, mkoa wa Kumamoto, wamemjengea mnara wa kumbukumbu na wanamkumbuka kila mwaka. Sasa niambie mkuu, nori ni ya nani?

Kwa hiyo mimi siulizi mpishi katokea wapi. Naangalia kama anajua kwanini anafanya anachofanya. Parachichi ndani ya roli siyo dhambi, lina mafuta, linakaa nafasi ya samaki mnono. Ila akikuwekea mayonezi juu, sosi tamu juu, vitunguu vya kukaanga juu, hapo jiulize anaficha nini chini, na mara nyingi anachoficha ni wali.

#5 Mdau

Naomba niongezee upande wa supu maana mleta mada ameigusa kwa jina tu. Mimi ni mama wa nyumbani napenda kupika na hii supu nimeihangaikia karibu mwaka mzima, ngoja niwaeleze kwa undani.

Watu wanadhani supu ya miso ni miso, yaani soya iliyochachushwa, na maji ya moto. Hapana. Chini yake kuna maji yanaitwa dashi, na hayo ndo uti wa mgongo wa jiko lote la Kijapani, yako kwenye supu, kwenye tambi, kwenye yai, kwenye mboga za kuchemsha. Yanatengenezwa kwa vitu viwili, mwani mnene mkavu unaitwa kombu, na katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa mpaka anakuwa mgumu kama gogo, afu anarandwa kwa randa ya seremala zinatoka pande nyembamba kama maranda ya mbao. Unaloweka kombu kwenye maji, unawasha moto mdogo, maji yakitaka kuchemka tu unaitoa, ukiiacha ichemke maji yanakuwa na ute na uchungu. Ndo unatupia yale maranda, unazima, yakizama unachuja. Basi. Hakuna kitunguu, hakuna saa tatu jikoni. Mara ya kwanza niliiacha kombu ikachemka nikiwa na simu sikioni, nikamwaga sufuria zima, ladha ilikuwa kama maji ya bahari yaliyolala.

Mwaka 1908 profesa mmoja wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alijiuliza hivyohivyo, kwanini haya maji yana ladha ya nyama na hayana nyama. Akachukua kombu nyingi akaichuja mpaka akapata kemikali inaitwa glutamati, akaipa hiyo ladha jina umami. Miaka mitano baadae mwanafunzi wake Shintaro Kodama akakuta katsuobushi nayo ina kitu chake, inosinati. Na hivi viwili vikikutana ladha haijumlishwi, inazidishwa mara kadhaa. Ndo maana kila kimoja peke yake ni cha kawaida ila vikikaa pamoja unanyanyua uso kumtazama mpishi.

Sasa ukiwa mgahawani utaijuaje? Bakuli likija usikoroge kwanza. Miso haiyeyuki ikapotea, inaelea kama wingu, inapanda katikati inashuka pembeni, maana supu bado inatembea kwa joto. Inua bakuli kwa mikono miwili, hakuna kijiko, unakunywa kutoka ukingoni, tofu (vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa) na majani ya baharini unavuta kwa vijiti. Vuta harufu kabla hujanywa. Kama unasikia moshi mwembamba na bahari, mpishi kapika dashi leo. Kama unasikia chumvi tu na ulimi unakauka, ni unga wa pakiti. Na miso inayochemshwachemshwa siku nzima harufu yake inakufa, nzuri inawekwa mwisho moto ukiwa umezimwa.

#6 Mdau

Dada #5 hilo wingu nimeliona mara nyingi nikadhani supu imeharibika, kumbe ndo inavyotakiwa. Ubarikiwe.

#7 Mdau

Wakuu mimi naomba mniambie ukweli kuhusu samaki mbichi. Mke wangu anatamani sana ila mimi naogopa, na nasikia ile wasabi, kikolezo kikali cha kijani, na siki ndo vinaua wadudu.

#8 Mdau

#7 kaka, nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa aina hii, kazi yangu ilikuwa kupokea samaki na kumpasua, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokifanya kwa mikono yangu.

Kwanza toa hilo kichwani, wasabi haiui minyoo, wala siki haiui, wala chumvi ile ya kawaida wanayompakaa vibua kabla ya kumtia kwenye siki. Mdudu anayeogopwa zaidi anaitwa anisakis, kanyoo cheupe kanajikunja kama chemchemi ya saa. Kinachomuua ni kumpika samaki au kumgandisha sawasawa. Kiwango cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agandishwe na kukaa nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Friza ya nyumbani nyingi hazishiki baridi hiyo kwa uhakika, kwa hiyo msijaribu nyumbani na samaki wa sokoni mkasema mmegandisha.

Kwa hiyo mtu akikwambia samaki wetu hajawahi kugandishwa, hilo siyo la kujivunia kwa kila samaki. Uliza tu kwa adabu samaki wa kuliwa mbichi mnampata vipi. Anayejua kazi atakujibu mara moja, anafurahi hata kuulizwa. Anayebabaika, agiza vya moto, hakuna ugomvi.

Ila kugandisha siyo tatizo, tatizo ni kuyeyusha. Sehemu moja niliyowahi kula kama mteja, siitaji, waliniletea jodari akiwa bado ana barafu katikati, nikiuma meno yanapata ganzi, na pembeni ameshalegea anatoa maji ya waridi kwenye sahani. Huyo katolewa friza amewekwa kwenye maji ya moto kwa haraka kwa sababu mteja kaingia. Jodari akiyeyushwa polepole ndani ya friji, amefungwa kitambaa kinachonyonya maji, anabaki mkavu juu, anashika kisu, ukimlaza kwenye wali anakaa ameinama kidogo kama blanketi. Na pua yako iamini. Samaki mbichi mzuri ananukia bahari kidogo au hanukii kabisa. Ukisikia shombo mlangoni geuka.

Jambo lingine, samaki mbichi sana aliyevuliwa sasa hivi siyo lazima awe mtamu. Nyama yake inakuwa ngumu haina ladha. Wapishi wengi wanamlaza jodari kwenye baridi siku kadhaa, ile inosinati aliyoisema dada #5 ndo inajitengeneza humo.

#9 Mdau

Na mjamzito je? Nina miezi minne na ni chakula nilichokuwa nakipenda sana kabla.

#10 Mdau wa #8

Hongera sana dada. Samaki mbichi achana naye kwa sasa, ndo ushauri unaotolewa sana kwa wajawazito, na jodari wale wakubwa hata wakipikwa punguza kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao wanabeba zebaki nyingi, kwa hilo muulize daktari wako kabisa. Ila usijinyime mgahawa. Kuna tempura ya mboga, kuna udon (tambi nene) ya moto, kuna samaki mkunga wa kuchoma ambaye siku zote anapikwa, kuna yai. Mwambie mpishi hali yako tu, ukikaa kaunta atakutengenezea vipande vyote vya kupikwa na hutojiona umeachwa.

#11 Mdau

Swali lingine muhimu hamjaligusa. Sisi tusiokula nguruwe wala kunywa pombe tunakaaje hapo?

#12 Mleta mada

#11 swali zuri sana na wengi wanaona aibu kuliuliza, usione aibu. Nguruwe yuko wazi kwenye tonkotsu, ile rameni ya supu nyeupe nzito ya mifupa iliyochemshwa masaa mengi, na kwenye tonkatsu, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na gyoza, vile vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, nyingi ndani ni nguruwe. Anapojificha ni kwenye mchuzi, unaweza kuona rameni ya miso yenye mboga juu ukadhani salama kumbe maji yake ni ya mifupa ileile, au tambi zimekaangwa kwa mafuta yake. Pombe inajificha zaidi. Kuna mirin, ni kama sharubati ya mchele yenye kilevi, na kuna sake ya kupikia, hivi viwili vinaingia kwenye sosi tamu ya teriyaki, sosi ya mkunga, mchuzi wa mabakuli ya wali, na kuna wapishi wanatia tone kwenye wali wa sushi pia. Usiulize kwa ujumla "mna pombe", wataangalia rafu ya chupa wakuambie hapana. Uliza kwa jina, hii ina mirin, ina sake, maji ya supu ni ya nini. Mgahawa mdogo una faida hapa, anayekujibu ndo aliyepika.

Wenye shida na ngano nao wasikilize hapa, sosi ya soya ya kawaida inatengenezwa na soya pamoja na ngano, siyo soya tupu. Kuna aina inaitwa tamari, mara nyingi haina ngano ila soma chupa. Na soba, tambi za unga wa mbegu inayoitwa buckwheat, ambayo siyo ngano, nyingi zimechanganywa na ngano.

#13 Mdau

Vijiti mimi vimenishinda kabisa wakuu, nakula roho ikiwa juu.

#14 Mdau wa #5

Mdogo wangu usipate presha. Nigiri, kile kipande cha wali na samaki juu, kinaliwa kwa mkono na ni sahihi kabisa, wengine wanasema ndo vizuri zaidi maana wali haubomoki. Wanakuletea kitambaa cha moto mwanzoni cha kufuta mikono, ndo kazi yake. Ukitaka kujifunza vijiti, kimoja hakitembei kabisa, kinalala kwenye pacha ya kidole gumba na kuegemea kidole cha pete, unachotembeza ni cha juu tu kama unavyoshika kalamu. Watu wanakosea kwa kutembeza vyote viwili.

Makosa ya umbo wanakusamehe. Mawili tu usifanye, usichomeke vijiti vimesimama kwenye bakuli la wali, na usimpokeze mwenzio chakula kijiti kwa kijiti. La kwanza ni wali wa marehemu, unawekwa hivyo msibani. La pili ndivyo ndugu wanavyookota mifupa ya marehemu baada ya kuchomwa, wanapokezana kwa vijiti kuiweka kwenye chombo. Mimi nilipoelezwa hilo nilinyamaza kidogo, na tangu siku hiyo mkono wenyewe unakataa. Ukitaka kumpa mwenzio weka kwenye sahani yake.

#15 Mleta mada

Dada #5 asante, umelieleza vizuri kuliko ningeweza. Niongezee ya kaunta maana kuna mmoja kaniuliza inbox.

Nigiri chovya upande wa samaki, siyo wali. Wali ukichovya unanyonya sosi yote unabomoka kwenye kibakuli, afu husikii tena ile siki aliyoipima. Wengine wapishi wanapaka sosi wenyewe kwa brashi, hapo usichovye kabisa, kula hivyohivyo. Wasabi keshaweka ndani kati ya wali na samaki, onja kwanza kabla ya kuongeza. Na hiyo ya kijani nyingi siyo wasabi yenyewe, ni mzizi mwingine mkali wa ukoo uleule umetiwa rangi, wasabi halisi ni ngumu kulima na ukishaikwangua ladha yake inakimbia ndani ya robo saa hivi, ndo maana ukiona mtu anaikwangua mbele yako ujue umefika mahali pa watu makini. Tangawizi ya siki siyo kachumbari ya kuweka juu ya samaki, inaliwa katikati ya kipande na kipande kusafisha ulimi.

Kipande kikiwekwa mbele yako, kile papo hapo. Hili nalisema kwa msisitizo. Nori ikitoka tu inavunjika kwa sauti kama karatasi kavu, ukikaa dakika tatu unatafuta pembe nzuri ya picha imeshanyonya unyevu wa wali, unaivuta kama mpira. Nimeona mpishi anamtazama mteja anapiga picha, mkono wake umesimama hewani na kipande kinachofuata, anasubiri.

Na kama hujui uagize nini kuna neno omakase, maana yake nakuachia wewe. Sema bajeti yako kabla, siyo ushamba, ndo adabu yenyewe, ili naye ajue anakwenda mpaka wapi.

#16 Mdau

Mimi napingana kidogo na hili la kaunta. Nina watoto watatu, mmoja hatulii. Kaunta ya viti vinane watu wamenyamaza wanamuangalia mpishi, mimi naonekana nimewaharibia jioni. Siyo kila mtu anaweza.

#17 Mdau wa #8

Ni kweli #16, na kama wewe ni mwenye watoto meza ya pembeni ndo yako, mradi wali na supu vinatoka jiko lilelile. Waagizie mabakuli. Kuna oyakodon, kuku na yai vimepikwa kwenye dashi na kitunguu vikamwagwa juu ya wali wa moto, yai halijaiva likakauka, linatetemeka. Jina lenyewe maana yake mzazi na mtoto, kuku na yai lake. Wanangu wanamaliza bakuli wanakwangua chini. Na udon, zile tambi nene nyeupe, waache wazivute kwa kelele, kule kwao kuvuta tambi kwa sauti siyo utovu wa adabu, na zinapoa zikivutwa hivyo.

#18 Mdau

Nafuatilia kwa makini. Mleta mada ulisema pia kuhusu yai? Nimeona limetajwatajwa.

#19 Mleta mada

Yai ndo mtihani wa tatu. Linaitwa tamagoyaki. Mayai yanapigwa na dashi na sukari kidogo, yanamiminwa tabaka jembamba kwenye kikaango cha pembe nne, linakunjwa, linamiminwa lingine, linakunjwa juu ya lile la kwanza, hivyohivyo mpaka unapata tofali. Halina samaki wa kulibeba, halina sosi. Likikatwa unaona mistari ya tabaka, na ukilibonyeza kwa kijiti linatoa kaunyevu. Wapo wateja wa zamani wanaanza na yai kabla ya kipande chochote, wakiona limekauka au lina mabaka ya kuungua wanamaliza chai yao wanaondoka taratibu. Mimi siondoki, ila nakuwa nimeshaelewa.

#20 Mdau wa #3

Wakuu nimerudi. Mimi ndo yule niliyesema nataka kitu halisi au niache. Baada ya kusoma huu uzi nilikwenda kwenye kamgahawa nilichokuwa nakipita kila siku natoka kazini, nikakaa kaunta peke yangu, nikaagiza supu, bakuli dogo la wali mtupu, na vipande vinne tu.

Supu ilikuja ina kifuniko, nikakivuta hakifunguki, kimeshikwa na mvuke. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pili akanionyesha, unabana bakuli pembeni kidogo kwa vidole, hewa inaingia, kifuniko kinaachia chenyewe. Ule mvuke wa kwanza ulivyonipanda puani nikasikia moshi kama alivyosema dada #5. Nikaliona na lile wingu. Nimekunywa yote sijagusa kitu kingine.

Wali mtupu nilimaliza bila mboga. Sikuwahi kufikiria naweza kula wali mtupu nikauhesabu kuwa ni chakula. Mpishi hajawahi kufika Japani, nilimuuliza, akasema amefundishwa na mtu aliyefundishwa huko, na kwamba miezi sita ya kwanza alikuwa anaosha mchele tu, anaosha mpaka maji yabaki na ukungu kidogo tu, yasiwe maangavu kabisa, maana ukizidisha unatoa na ladha. Aliniambia hayo huku anafuta kisu. #4 mkuu naomba radhi, nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha chakula.

Roli ya parachichi na mayonezi ipo kwenye menyu yake bado. Nikamuuliza kwanini, akasema hiyo ndo inalipa kodi ya pango, na wali wake ni uleule.

#21 Mleta mada

Mkuu hakuna radhi hapa, nimefurahi mno kusoma hii, nimeisoma mara mbili. Huyo mpishi mshikilie. Yai lake lilikuwaje?

#22 Mdau wa #3

Yai lilikuwa limekwisha. Kasema anapika tofali mbili tu kwa siku, nije kabla ya saa moja.